MAELEZO KWA WAFANYABIASHARA WADOGO: KUKODI SEVA ZA WINGU KWA KADIRI YA HAJA

Wafanyabiashara wa Kilwa na mwambao wa Lindi wanaopokea oda za wateja kwa intaneti huhitaji seva, yaani kompyuta iliyo tayari usiku na mchana kujibu maombi yao. Maelezo haya yanahusu namna ya kuikodi bila gharama kumeza faida. Taasisi za umma hufuata taratibu za Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Seva ya wingu haiko mawinguni. Ni sehemu ya mitambo iliyomo katika majengo maalumu Dar es Salaam, Johannesburg, Cape Town na kwingineko, nayo hukodishwa kwa njia ya mtandao, aghalabu kwa saa. Mnunuzi wa ufuta hakodi ghala kubwa mwaka mzima kwa ajili ya msimu wa miezi michache; kadhalika mwenye biashara hana haja ya kulipia kila siku uwezo anaouhitaji siku chache.

Mathalani, mwezi wa siku 30 una saa 720. Nyumba ya wageni ya Kilwa Masoko ikihitaji seva ya pili kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku tu, italipia saa 150, ambazo ni zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya mwezi.

Mfanyabiashara anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Aanze na seva ndogo, apime matumizi kwa wiki kadhaa, ndipo aongeze.

2. Akiruhusu seva ziongezeke zenyewe, aweke idadi ya juu kabisa. Pasipo kikomo, hitilafu ya programu au hujuma yaweza kuzaa deni kubwa kwa usiku mmoja.

3. Akumbuke kwamba seva ikizimwa, diski na nakala zake huendelea kutozwa. Zisizohitajika zifutwe.

4. Aweke tahadhari ya bajeti, akijua kwamba kwa kawaida tahadhari hutoa taarifa tu, haizimi seva. Aidha, kampuni nyingi za nje hutoza kwa dola. Shilingi ikishuka, ankara hupanda.

5. Mkataba wa mwaka mmoja au zaidi, wenye punguzo, aufunge kwa seva isiyozimwa kamwe tu.

Hata hivyo, wingi wa seva haufai kitu njia inapokatika. Mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yaliyoandamana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga. Tarehe 12 ya mwezi huohuo, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini. Kwa hiyo hapana budi nakala ya oda na hesabu ibaki pia dukani.

Fauka ya hayo, majina na namba za simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Mwenye kukodi seva aulize kwanza zitahifadhiwa wapi.

Kila mwisho wa mwezi ankara isomwe mstari kwa mstari, na kila seva iliyomo ijulikane kazi yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.