Mzazi akitaka PhD ya biashara, hesabuni kwanza saa za nyumbani

Kuna swali ambalo kila anayesoma shahada ya uzamivu, ile tunayoiita PhD, amelizoea kwenye misiba, harusi na vikao vya ukoo: hivi hayo masomo yako yanaisha lini? Mwaka wa kwanza analijibu kwa tabasamu. Mwaka wa tano anaanza kukwepa harusi.

Kwa upande wa utawala wa biashara, wanaoulizwa swali hilo mara nyingi si vijana waliotoka moja kwa moja chuoni. Mwombaji wa kawaida ni mtu aliyekwishaonja kazi: mhasibu wa halmashauri, ofisa mikopo wa benki, mhadhiri msaidizi, meneja rasilimali watu. Ana miaka 35 au 45, ana mwenza, ana watoto wawili watatu, na mmoja wao yuko darasa la saba. Barua ya kukubaliwa chuo huja kwa jina lake peke yake, lakini saa za kuisomea zinatoka kwenye nyumba nzima.

Ndiyo sababu jambo hili, ambalo kwa kawaida lingekaa kwenye kurasa za elimu, nimelileta hapa. Lina upande wa afya ambao hautajwi kwenye fomu yoyote ya maombi.

Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wanafunzi 3,659 wa PhD katika vyuo vikuu vya Flanders. Takribani nusu walikuwa na dalili za msongo wa kisaikolojia, na karibu mmoja kati ya watatu alikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mambo yaliyoonekana kuhusiana na hatari hiyo ni pamoja na kazi kugongana na familia, mzigo wa kazi kuwa mkubwa, na namna msimamizi anavyomwongoza mwanafunzi wake. Na hao ni wa Ubelgiji, ambako wengi hulipwa wakiwa masomoni. Kwetu wengi wanajilipia ada wenyewe na Jumatatu wanakwenda kazini kama kawaida.

Simwogopeshi mtu. Nataka wenza wakae mezani kabla fomu haijajazwa.

Unaomba nini hasa?

Kwanza kuna majina mawili yanayochanganywa. PhD inamwandaa mtu kuwa mtafiti na mhadhiri: unatakiwa kuongeza kitu kipya kwenye nadharia. DBA, yaani udaktari wa utawala wa biashara, hulenga zaidi viongozi na mameneja wanaotaka kutumia utafiti kutatua tatizo la kazini. Zote mbili ni ngazi ya juu kabisa na zote zinadai utafiti. Kama lengo lako ni kufundisha chuo kikuu, uliza mapema kama mwajiri unayemtaka anaipokea DBA sawa na PhD. Kama lengo ni kupanda cheo benki, jiulize kwa uaminifu kama unahitaji hata mojawapo. Kuna watu ambao cheti cha taaluma ya uhasibu au ununuzi kingewafikisha wanakotaka kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo.

Hapa nchini zipo njia kadhaa. Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatoa shahada hizi, Mzumbe inatoa, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kipo mahsusi kwa watu wanaosoma wakiwa mbali na wakiwa na kazi zao. Vyuo kwa kawaida vina mtindo wa tasnifu tupu, ambapo unafanya utafiti na kuandika, na mtindo wa kuanza na masomo ya darasani kisha tasnifu. Kwa mzazi tofauti hiyo ni kubwa. Darasani una ratiba, una wenzako, na kuna mtu wa kukuuliza jana ulikuwa wapi. Kwenye tasnifu tupu uko peke yako na kompyuta yako, na hakuna kengele. Aliyekaa nje ya masomo miaka kumi, mimi ningemshauri aanze na darasa.

Programu yoyote utakayoichagua, hakikisha ina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tume hiyo ndiyo pia inayotambua shahada zilizopatikana nje ya nchi. Mtandaoni wapo wanaouza udaktari wa miezi sita, bila msimamizi na bila utafiti, wengine wakiutolea hata vyeti vya heshima. Ukilipa huko umechangia harusi ya mtu.

Karatasi za maombi zenyewe hazisumbui sana: vyeti na matokeo ya shahada ya kwanza na ya uzamili, barua za wadhamini wa kitaaluma, wasifu, na andiko dhana la kurasa chache linaloeleza unataka kuchunguza nini. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Mtu anaandika kwamba atachunguza changamoto za wajasiriamali Tanzania. Hapo hakuna swali, kuna malalamiko tu. Lakini akiuliza kama mama lishe wa Temeke anayeandika mauzo ya kila siku kwenye daftari anarejesha mkopo wa kikundi kwa wakati kuliko asiyeandika, na kwa nini, hapo kuna kitu cha kupima, kuna watu wa kuwahoji na kuna mwisho unaoonekana. Mada nyembamba ni zawadi kwa familia, kwa sababu mada pana ndiyo inayozaa mwaka wa sita na wa saba.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mtafute msimamizi. Soma alichoandika, mwandikie barua pepe fupi, uliza kama anapokea mwanafunzi. Ukiweza, zungumza na wanafunzi wake wa sasa na uwaulize jambo moja: ukimtumia sura ya kazi yako, anairudisha baada ya muda gani? Msimamizi mwenye jina kubwa anayekaa na sura yako miezi minane anakugharimu kuliko ada.

Saa zinatoka wapi

Wiki ina saa 168. Toa 40 za kazi. Toa 49 za kulala, kwa sababu wataalamu wa usingizi wanasema mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku. Toa 10 za kwenda na kurudi kazini, na kwa wa Mbagala au Kibaha hapo nimepunguza. Zinabaki 69. Masomo ya muda wa ziada yakichukua 15, umebaki na 54, yaani chini ya saa nane kwa siku za kuoga, kula, kupika, kukagua madaftari ya watoto, ibada, misiba na wakwe.

Kwenye karatasi zinatosha. Tatizo ni kwamba nyumba haitoi saa, inatoa vipande vya dakika 20. Kusoma makala 30 za watafiti na kuona zinapingana wapi ni kazi inayotaka saa mbili tatu mfululizo bila mtu kuita mama. Kwa hiyo mzazi anazitafuta pale zilipo: usiku. Analala saa tano, anaamka saa tisa. Saa nne za usingizi, wiki baada ya wiki.

Mwili unavumilia hilo kwa siku kadhaa, kisha unaanza kudai. Kumbukumbu inapungua, hasira zinakuwa karibu, shinikizo la damu linapanda. Anayekosa usingizi anasoma ukurasa mmoja mara tatu, kwa hiyo saa alizoiba zinampa kidogo kuliko anavyodhani. Kahawa ya saa mbili usiku haisaidii: nusu ya kafeini yake bado imo mwilini baada ya takribani saa tano.

Kuna namba nyingine ya kuijua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa uchambuzi ulioonyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Sasa jumlisha 40 za ofisini na 15 za masomo. Uchambuzi ule ulipima kazi ya kipato na haukugusa masomo, kwa hiyo hesabu yangu ni ya kukutahadharisha tu. Lakini kama kwenu kuna historia ya presha, kipimo cha shinikizo la damu kiwe sehemu ya maandalizi.

Mazungumzo ya wenza yawe ya saa, siyo ya kutakiana heri. Jumamosi asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa saba, ni za nani? Nani anakwenda kwenye kikao cha wazazi muhula huu? Mtoto akipata homa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha sura, nani anaamka? Kama anayesoma ni baba, nyumba nyingi hujipanga zenyewe. Watoto wanaambiwa wasipige kelele, baba anasoma. Anaposoma mama, kelele zinaendelea na anaulizwa kitoweo. Sijui nyumba yenu iko upande gani, ila pimeni.

Wengi hukuta kwamba kutoka nje ya nyumba kunafaa kuliko kufunga mlango wa chumba. Maktaba, ofisini siku ya mapumziko, hata nyumba ya dada isiyo na watoto wadogo. Saa tano za Jumamosi pamoja na jioni mbili zilizolindwa zinasogeza tasnifu kuliko usiku wa kila siku wa kusinzia juu ya kompyuta.

Na mimba? Inatokea, na haizuii kumaliza. Sheria ya kazi inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo hiyo ni ya kazini tu, haisimamishi saa ya chuo. Chuoni unaomba kuahirisha masomo kwa maandishi, na unaomba kabla hujajifungua, maana mwanafunzi aliyekaa kimya hesabu yake ya muda inaendelea na ada inaweza kuendelea pia. Kwa wanaosoma wakiwa wajawazito, Shirika la Afya Duniani linashauri anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Humo hesabuni vinywaji vya kuongeza nguvu.

Fedha nitazipitia haraka. Ada ni mwanzo tu. Kuna kibali cha utafiti, ambacho kwa Tanzania hushughulikiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kuna nauli na posho za wasaidizi wa kukusanya data, na vyuo vingi vinataka makala zilizochapishwa kabla ya kuhitimu. Uliza gharama ya mwaka wa nne kabla hujalipa ya mwaka wa kwanza.

Ukipata nafasi nje

Marekani programu nyingi za PhD za biashara huchukua miaka minne hadi mitano, na shule kubwa hulipia ada na kumpa mwanafunzi posho. Ushindani ni mkali, na maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari, yakiambatana na mtihani wa GMAT au GRE. Mwenza anayeingia na viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi. Watoto wanaruhusiwa kwenda shule. Maana yake nyumba yenye mishahara miwili inahamia kwenye posho moja.

Uingereza tangu Januari 2024 imewazuia wanafunzi wengi wa kigeni kwenda na wenza na watoto, lakini wa PhD bado wanaruhusiwa. Hapo kuna gharama ya afya ambayo huwashtua watu: tozo ya huduma za afya kwa mwanafunzi na wategemezi wake ni pauni 776 kwa kila mtu kwa mwaka, kwa kiwango kilichoanza Februari 2024, na hulipwa mapema wakati wa kuomba viza. Familia ya watu wanne kwa miaka minne ni pauni 12,416 kabla hamjanunua tiketi. Ufadhili unaolipa ada hauna maana kwamba unalipa na hiyo, ulizeni.

Mwenza aangalie nini

Uchovu ni kawaida. Kisicho kawaida ni huzuni au kukosa hamu ya mambo anayoyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, kujiona hana thamani, au maneno ya kutamani kutokuwepo. Hiyo ni dalili ya sonona, na haitibiwi kwa kuambiwa akaze moyo. Vyuo vina ofisi za ushauri kwa wanafunzi, na hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili. Akizungumzia kujiua, apelekwe siku hiyo hiyo.

Dalili nyingine ni ya kitaaluma na inaonekana nyumbani kwanza: ameacha kumtaja msimamizi wake, na barua pepe za chuo hazifunguliwi. Mara nyingi hapo sura moja imemshinda na ana aibu. Mweleze aandike mistari mitatu tu kwa msimamizi, hata kama ni ya kusema amekwama.

Na siku ya utetezi wa tasnifu ikifika, ndugu wakijaa kwenye simu, jueni kwamba baada yake watahini hutoa orodha ya marekebisho. Yanaweza kuchukua wiki au miezi, kisha kazi inarudi kwa vikao vya chuo. Sare za vitenge zinunuliwe jina likishapitishwa na Seneti.