Daraja la Sibiti na Kilomita Zake za Tope

Wajukuu zangu wa Karatu, Mang'ola na huko juu Ngorongoro, Ziwa Eyasi mnalijua kwa upande wenu, pale Mto Barai unaposhuka kutoka nyanda za juu. Leo nawapeleka upande wa pili, kusini-magharibi, unakoingilia mto mwingine uitwao Sibiti. Maji yake hutoka Ziwa Kitangiri, hupita kati ya Mkalama mkoani Singida na Meatu mkoani Simiyu, halafu huishia Eyasi. Huishia kweli, maana Eyasi halina mto unaotoka. Jua hunyonya maji, chumvi ikabaki.

Zamani, mtu wa Mkalama mwenye ndugu Meatu alivuka kwa miguu kiangazi, maji yakiwa machache. Masika ilikuwa habari nyingine. Mwenye mzigo mdogo alitafuta mtumbwi. Mwenye gari aligeuza akazunguka Igunga na Shinyanga, safari ya mamia ya kilomita, kumfikia jirani wa ng'ambo. Fikirieni mama mjamzito katika hali hiyo. Mimi nikiwaza hilo, siwezi kuona daraja kama saruji na nondo tu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Daraja la Sibiti lina urefu wa mita 82. Si refu sana. Kijana mwenye mbio analimaliza kabla hajaanza kuhema. Lakini ili magari yalifikie, ilibidi zijengwe barabara za maingilio za kama kilomita 25. Kwa nini?

Kwenu Karatu ardhi ina mteremko. Maji yana haraka, yanachimba korongo na kubaki humo, kwa hiyo ukiweka daraja fupi juu ya korongo umevuka. Kule Sibiti nchi ni tambarare. Mvua ikizidi, mto huacha njia yake na kutandaa mbugani. Na udongo wa mbuga ni mweusi, wa mfinyanzi: ukilowa huvimba na kunata hadi gurudumu linazama, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Barabara ukiilaza juu yake hivihivi, itapasuka nao.

Ndiyo maana mafundi walilazimika kushindilia kifusi na kuinua tuta. Hapo ikazuka hatari ya pili, kwani tuta refu katikati ya mbuga hugeuka bwawa. Maji yakikosa pa kupita yatalisukuma mpaka yalikate. Dawa yake ni makalvati, mabomba makubwa ya zege chini ya barabara, kila penye njia ya maji. Mimi nayaheshimu makalvati hayo kuliko hata daraja lenyewe, ingawa hakuna anayeyapiga picha.

Kazi ilichukua miaka. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikasuasua, na mwaka 2018 Rais John Magufuli alifika hapo darajani. Siku hizi pamba ya Meatu na alizeti ya Singida hukutana juu ya Sibiti, masika na kiangazi, na maji ya chini yake yanaendelea na safari ya kuja kwenu Eyasi. Kila mwaka kabla ya mvua, matope na magugu lazima yaondolewe kwenye makalvati, na kazi hiyo haina mwisho.