Kabla ya Kubadili Jeti

Yamaha Banshee ni pikipiki ya magurudumu manne iliyouzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 2006. Injini yake ni ya mapigo mawili, inapozwa kwa maji, ina silinda mbili zenye jumla ya sentimita za ujazo 347, na kila silinda ina kabureta yake ya Mikuni. Hadi leo ina wapenzi wengi, hasa kwenye vilima vya mchanga vya Glamis, kusini mwa California. Malalamiko yao yanafanana: injini inasita, inakohoa, inatoa moshi mzito, au inakwenda vizuri siku nzima kisha ghafla pistoni inashika. Mara nyingi mwenye chombo hukimbilia kubadili jeti. Makala haya yanaeleza jinsi kabureta inavyofanya kazi, ili msomaji apime mwenyewe kama haraka hiyo ina msingi.

Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo jembamba la kabureta. Hapo kasi yake huongezeka na shinikizo lake hushuka. Petroli iliyomo kwenye bakuli, chini ya kabureta, inasukumwa na shinikizo la hewa ya nje, kwa hiyo hupanda na kuingia katika mkondo huo kama ukungu. Njiani hupimwa na tundu jembamba lililotobolewa kwenye kipande kidogo cha shaba. Kipande hicho ndicho jeti. Kila jeti ina namba, na namba ikipanda, petroli inayopita huongezeka. Banshee ilitoka kiwandani na jeti kuu namba 200 na jeti ndogo namba 25.

Tukubaliane juu ya maneno mawili. Petroli ikiwa haba kwa hewa iliyopo, tutasema mchanganyiko ni hafifu. Petroli ikizidi, tutasema mchanganyiko ni mzito. Gramu 1 ya petroli huhitaji takribani gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, lakini injini hutoa nguvu zaidi mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, karibu gramu 13 za hewa kwa gramu 1 ya petroli.

Katika injini ya mapigo manne, kosa la mchanganyiko halizuii oili kuzunguka, kwa sababu oili ina njia yake. Banshee haina njia hiyo. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, kwa mfano lita 1 kwa lita 32, na vyote viwili hupita kwenye jeti ileile. Kwa hiyo mchanganyiko ukiwa hafifu, hasara huja tatu kwa pamoja: joto la mwako linapanda, petroli inayoipoza pistoni inapungua, na oili inayoilainisha inapungua pia. Pistoni ya aluminiamu hutanuka kuliko ukuta wa chuma wa silinda, ikakwaruza, ikashika.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Jeti hupima ujazo tu. Haitofautishi petroli na oili. Katika lita 10 za petroli, uwiano wa 32 kwa 1 unahitaji mililita 310 hivi za oili, na uwiano wa 20 kwa 1 unahitaji 500. Oili ikiongezwa, petroli inayopita kwenye tundu lilelile inapungua. Mtu anayeongeza oili kwa kuogopa pistoni kushika, bila kugusa jeti, anaufanya mchanganyiko wa petroli na hewa kuwa hafifu kidogo, hata kama moshi umeongezeka.

Hakuna sehemu moja ya kabureta inayotawala wakati wote. Kichapuzi, ambacho kwenye Banshee husukumwa kwa dole gumba, huinua mlango ulio ndani ya koo, na kila kimo cha mlango kina mhusika wake. Injini ikinguruma bila gia, na hadi karibu robo ya kichapuzi, wenye usemi mkubwa ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kati ya robo na robo tatu, kazi kubwa hufanywa na sindano iliyochongoka inayoning'inia kwenye mlango. Ikipandishwa, nafasi ya petroli hupanuka. Kuanzia robo tatu hadi mwisho, jeti kuu ndiyo inayoamua. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza injini inasumbuaje, iulizwe kwanza kichapuzi kilikuwa wapi. Kipande cha utepe kilichobandikwa kando ya kichapuzi na kuwekewa alama za robo, nusu na robo tatu ni shahidi bora kuliko kumbukumbu ya dereva.

Skrubu ya hewa ina lugha yake. Ikifungwa, mchanganyiko unakuwa mzito. Ikifunguliwa, unakuwa hafifu. Injini ikishapata moto, fundi hutafuta pale ambapo mngurumo ni wa kasi na wa utulivu kuliko pengine pote. Kama panapatikana kabla ya mzunguko mmoja kamili tangu skrubu ilipofungwa, maana yake hewa inabanwa ili kufidia petroli pungufu, na jeti ndogo ni ndogo mno. Kama panapatikana baada ya mizunguko miwili na nusu, jeti ndogo ni kubwa mno.

Dalili nyingine husomwa kwa sikio na kwa jicho. Mchanganyiko mzito hufanya injini igugumie, itoe moshi na kulowesha plagi. Mchanganyiko hafifu hufanya injini isite mara kichapuzi kinapobonyezwa, na kikiachwa, mngurumo unachelewa kushuka. Choki, ambayo huongeza petroli, husaidia kuamua. Choki ikivutwa kidogo wakati injini ina moto, na injini ikapata nafuu, ilikuwa ikiomba petroli. Ikizidiwa, petroli ilikuwa imeshazidi.

Plagi hutoa ushahidi wa karibu zaidi. Baada ya kwenda kichapuzi kikiwa mwisho, dereva huzima injini papo hapo huku ameshika klachi, kisha plagi hufunguliwa. Kauri inayozunguka ncha ikiwa ya kahawia, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chaki, petroli haitoshi. Na kama juu ya weupe huo zinaonekana punje za kijivu, ndogo kuliko mbegu za mchicha, hiyo ni aluminiamu: pistoni imeanza kuyeyuka.

Kwa kuwa Banshee ina silinda mbili, zipo plagi mbili za kulinganisha. Jeti za pande zote mbili zina namba sawa, petroli ni ileile na hewa ni ileile. Plagi moja ikiwa kahawia na ya pili nyeupe, namba za jeti haziwezi kuwa maelezo ya tofauti hiyo. Upande mmoja una uchafu, au milango miwili haipandi sawia, au kuna mahali hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta.

Uvujaji huo wa hewa ndio mkosaji anayefichika kuliko wote. Mpira unaounganisha kabureta na silinda hupasuka, na vilevile bomba dogo linalounganisha njia mbili za kuingizia hewa. Sili za krenki nazo huchakaa. Sili ya kushoto, upande wa sumaku, ikichoka, huingiza hewa na mchanganyiko unakuwa hafifu. Ya kulia, upande wa klachi, ikichoka, injini hunyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi, na mwenye chombo hudhani jeti ni kubwa. Kipimo cha uvujaji ni rahisi: njia za hewa na za moshi huzibwa, injini husukumiwa hewa hadi pauni 6 kwa inchi mraba, kisha hungojwa dakika 6. Mshale wa geji ya shinikizo ukishuka, maji ya sabuni yanayopakwa kwenye maungio yataonyesha kwa povu pale panapovuja.

Umeme nao huigiza kabureta. Banshee ina mfumo wa usalama unaokata moto wa plagi mlango wa kabureta unapokwama, na mfumo huo umeungwa na breki ya kuegeshea. Waya zake zikirekebishwa vibaya, injini hukohoa kama iliyoshiba petroli. Tangi nalo huigiza: tundu la hewa la mfuniko wake likiziba, petroli hushindwa kushuka, na injini hufa njaa baada ya dakika kadhaa.

Inabaki hewa yenyewe. Denver, Colorado, iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina uzito wa takribani asilimia 85 ya hewa ya pwani. Banshee iliyopangwa Denver ikishushwa Glamis hupata hewa zaidi kwa asilimia 17 hivi, ilhali jeti ni zilezile, na mchanganyiko unakuwa hafifu. Aliyepanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa pikipiki ya kabureta amelionja hili kwa upande wa pili: mchanganyiko unakuwa mzito na nguvu inapotea. Baridi nayo ina uzito wake. Joto likishuka kutoka nyuzi 35 hadi 5, uzito wa hewa huongezeka kwa asilimia 11 hivi. Kufungua mfuniko wa sanduku la hewa au kufunga mabomba mapya ya moshi pia hubadili hewa inayopita.

Sasa hukumu inaweza kutolewa. Jeti ni kipande cha shaba. Huweza kuziba, lakini namba yake haibadiliki usiku. Injini iliyokwenda vizuri jana na kusita leo, mahali palepale, kwa vipuri vilevile na hali ileile ya hewa, ina ugonjwa mwingine, na jeti kubwa itaufunika tu. Zianze petroli mbichi, tundu la tangi na chujio la hewa. Zifuate plagi na waya. Kisha kipimo cha uvujaji, kisha usafi wa kabureta, jeti zikisafishwa kwa dawa na upepo na kutazamwa dhidi ya mwanga, bila waya unaoweza kupanua tundu. Jeti zibadilishwe pale hewa ilipobadilika: mwinuko, majira, sanduku la hewa au mabomba. Hata hapo ianzwe na namba kubwa na kushuka hatua moja moja, kitu kimoja kwa wakati mmoja, plagi ikisomwa kila mara. Sababu ni gharama ya kosa: mchanganyiko mzito huchafua plagi, na plagi hubadilishwa palepale mchangani, lakini mchanganyiko hafifu hula pistoni.