Eabrashi ya kwanza: usimalize pesa yote kwa kalamu

Mtu anayeunda matatu ndogo za kuonyesha, zile za katoni ngumu, plastiki na bati la mikebe, hufika mahali ambapo brashi ya kawaida inakataa kumsaidia. Bodi imenyooka, madirisha yamekatwa vizuri, hata saidi mira ziko, halafu rangi inakauka na michirizi. Hiace iliyopunguzwa mara 24 ina urefu wa sentimita 20 hivi tu. Kwa kitu kidogo namna hiyo, unywele mmoja wa brashi ulionaswa kwenye rangi unaonekana kama kijiti. Mteja aliyeagiza nganya ya kuweka sebuleni hatalipa bei ya nganya kwa kazi inayofanana na mlango wa kibanda.

Hapo ndipo wazo la eabrashi huja: kalamu ya chuma inayotumia hewa kupuliza rangi kama ukungu. Ni wazo zuri. Lakini kwa kijana wa Ruring'u anayefanya kazi hii jioni kwenye chumba cha kukodi, pesa ya mashine huwa imekusanywa kidogo kidogo kwa miezi, na mara nyingi kuna deposit za wateja ndani ya salio hilohilo. Akinunua vibaya anabaki na oda asizoweza kumaliza na pesa za watu asizoweza kurudisha.

Kwa hivyo tuanze na salio. Tuseme simu inasoma 18,000, na 6,000 kati yake ni deposit ya oda mbili. Basi wewe una 12,000, si 18,000. Hizo 6,000 zihamishe kwenye akaunti ya akiba siku ileile zinapoingia, na uandike mahali ni za nani na za nini. Simu haijui kutofautisha pesa yako na ya mteja. Inaonyesha jumla tu, na jumla hudanganya. Na tafadhali usijazilie pengo kwa mkopo wa simu wa siku 30 ukitegemea oda ambazo bado hazijaagizwa. Mkopo una tarehe. Mtu anayesema "nitakupigia wiki ijayo" hana.

Sasa kalamu yenyewe. Ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza, ukibonyeza kitufe, hewa na rangi hutoka pamoja kwa kiasi ulichopanga awali kwa skrubu. Ya pili, unabonyeza kupata hewa, kisha unavuta kitufe nyuma kupata rangi, kidogo au nyingi, kwa kidole chako mwenyewe. Nunua ya pili. Itakusumbua wiki mbili za kwanza, lakini ndiyo inayokuwezesha kufifisha rangi moja ndani ya nyingine, na miali ya moto ubavuni mwa nganya ndogo haitoki vizuri bila hiyo. Chagua yenye kikombe juu, si chupa chini, kwa sababu rangi inashuka yenyewe na unatumia matone machache bila kupoteza.

Tundu la mbele, yaani nozeli, ndilo huwachanganya wengi. Wauzaji hupenda kusifu ya milimita 0.2 kwamba inachora laini nyembamba kama uzi. Ni kweli, na pia inaziba kila dakika ukiwa bado hujajua kulainisha rangi. Kwa kuanza, 0.3 inatosha kwa bodi na kwa michoro ya wastani. Kama kazi yako nyingi ni bodi nzima za rangi moja na praima, 0.5 haitakuangusha. Uliza pia, kabla ya kulipa, kama sindano na nozeli za modeli hiyo zinauzwa peke yake. Sindano hupinda ikianguka mara moja tu sakafuni. Majina kama Iwata ya Japani, Badger ya Marekani na Harder & Steenbeck ya Ujerumani yana sifa nzuri kwa sababu hiyo hasa: vipuri vipo. Za Kichina zisizo na jina kubwa zinaweza kukufaa sana kwa kuanza, mradi upate sindano ya pili ndani ya boksi.

Kanuni yetu ni kwamba kalamu isile zaidi ya theluthi ya bajeti. Tunajua inauma, kwa sababu kalamu ndiyo inang'aa kwenye picha. Lakini kinachokula pesa ni hewa.

Kazi ya modeli inahitaji presha ndogo, kati ya psi 15 na 25 hivi, ila inataka presha isiyopanda na kushuka. Kompresa ndogo yenye tangi hutoa hewa tulivu. Isiyo na tangi hutetema, na mtetemo huo unauona kwenye rangi. Zile ndogo za kuchajiwa zinazojifunga chini ya kalamu ni rahisi kubeba, na zinafaa kwa vitu vidogo, lakini nyingi hazina nguvu ya kusukuma rangi nzito. Pia hakikisha kompresa ni ya volti 240. Ya Marekani ya volti 110 ukiichomeka kwenye soketi ya hapa utasikia mlio mmoja tu.

Kama pesa haifiki, usikate tamaa na usikope. Mafundi wengi duniani wameanza na gurudumu la spea: unalijaza hewa kwenye gereji, unaunganisha mpira, unapata dakika kadhaa za kazi. Inachosha, lakini inafundisha. Wengine hutumia kompresa ya friji kuukuu, ambayo ina faida ya kunyamaza usiku majirani wakilala. Hiyo mwachie fundi anayeijua afunge mita ya presha na vali ya usalama. Ukikubaliana na gereji utumie kompresa yao, kumbuka inaweza kuwa na zaidi ya psi 100, kwa hivyo regyuleta ni lazima, na mpira wa eabrashi huwa na skrubu nyembamba kuliko ya gereji, kwa hivyo utahitaji kiunganishi. Kitu kimoja tunakataa kabisa: mtungi wa gesi ya kupikia uliochomelewa uwe tangi la hewa. Tunajua watu wanafanya.

Kwa hali ya Nyeri, ongeza kichujio cha maji kwenye orodha, hata kama muuzaji atasema si lazima. Hewa ya hapa mwezi wa Julai ina unyevu, kompresa inaubana, na maji yanafika mpaka kwenye kalamu. Matokeo ni tone la maji katikati ya ubavu uliokuwa umemaliza. Baridi hiyohiyo hufanya rangi ichelewe kukauka, kwa hivyo usivute tepu mapema. Mstari wa manjano, ule ambao matatu zote zililazimishwa kuwa nao na sheria za Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ndio huwashinda wengi hapa. Manjano hufunika vibaya. Weka nyeupe chini kwanza, iache ikauke kabisa, bandika tepu na uisugue ukingo kwa kucha, kisha pulizia tabaka nyembamba tatu badala ya moja nene.

Rangi inatakiwa iwe nyepesi kama maziwa mabichi. Za akriliki zinazolainishwa kwa maji ni ghali kidogo kuliko rangi ya gari unayopimiwa dukani, lakini fikiria chumba chako. Tina inayopulizwa kama ukungu kwenye chumba chenye jiko ni moto unaosubiri, na rangi ya gari inayochanganywa na hadina ina kemikali zinazoweza kukuletea pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Kwa tina inayotakiwa ni ile yenye vichujio vya kaboni, na dirisha wazi. Tena kalamu nyingi za bei nafuu zina raba ndani ambazo tina huzivimbisha. Kama mtoto analala chumba hichohicho, hatuoni sababu ya kujadiliana: tumia za maji.

Basi umechagua, na muuzaji yuko Nairobi. Umemwona mtandaoni, picha safi, bei tamu, na anasema, "Tuma nusu kwa namba hii, nitume mzigo na matatu ya jioni." Simama hapo. Muulize namba ya till ya biashara. Ukiiingiza, jina la biashara linatokea kabla malipo hayajakamilika. Lilinganishe na jina la ukurasa wake. Kama duka linaitwa hivi na simu inaonyesha jina la mtu binafsi, ghairi. Mwombe pia video fupi ya kalamu hiyohiyo ikipulizia karatasi, akitaja jina lako na tarehe. Mwenye mzigo hufanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nao huanza hadithi.

Kama una rafiki au jamaa Nairobi, njia bora zaidi ni yeye aende dukani, aione, ndipo ulipe till ukiwa Nyeri, na risiti aichukue yeye. Hifadhi ujumbe wa malipo. Na ukigundua umetuma kwa namba isiyo sahihi au kwa tapeli, tuambie mara moja, usisubiri mpaka kesho. Tunaweza kujaribu kuzuia pesa zikiwa bado kwenye akaunti, lakini zikishatolewa kazi inakuwa ya polisi.

Kifurushi kikifika stegi, kifungue hapohapo. Toa sindano na upitishe ncha yake taratibu kwenye ukucha: ikikwaruza upande mmoja, imepinda. Angalia nozeli kama ina ufa. Jioni weka maji safi kwenye kikombe na upulizie gazeti kwa psi 20. Ukiona mapovu yanapanda ndani ya kikombe, hewa inavuja kwenye nozeli. Kaza taratibu, jaribu tena, na kama bado yanapanda rekodi video na umpigie muuzaji kabla hujatia rangi yoyote. Kalamu iliyopitisha rangi, hata mara moja, ni vigumu sana kumpata muuzaji wa kuipokea.