Tiba ya Mionzi: Kijana Asomee Mashine au Uuguzi?

Wazazi wa Masasi na Newala huuliza: kijana anayetaka kutibu saratani kwa mionzi asomee nini?

Kwanza tusichanganye mambo. Eksirei hupiga picha ya kifua au mfupa; haitibu. Mionzi ya tiba ina nguvu zaidi, huua chembe za saratani, na wagonjwa wetu wengi huifuata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Taasisi hiyo ilianza kujitegemea mwaka 1996, na mwaka 2018 ikafunga mashine za kisasa za liniaki.

Upande wa ufundi yupo mfizikia, anayepima mashine na kukokotoa dozi. Chuma cha kobalti hupungua nguvu kwa nusu kila miaka 5 na miezi kadhaa, hivyo dakika za tiba lazima ziongezwe. Akikosea, saratani haifi, au utumbo unaungua. Yupo pia mtaalamu wa mionzi: humlaza mgonjwa, hulinganisha alama zilizochorwa mwilini, hutoka, hufunga mlango mzito na kumwangalia kwa kamera. Kazi yake husomewa shahada Muhimbili. Bila fizikia nzuri kijana asijisumbue. Na wanaohofia mtoto wao atakuwa tasa wajue kuwa kuta ni nene, naye huvaa kifaa cha kupima mionzi inayomfikia.

Muuguzi hukutana na mengine. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi hutibiwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi. Mionzi yenyewe haiumi. Shida huja baadaye: kuharisha, kuchoka, kukojoa kwa maumivu. Tena ameacha watoto na mikorosho nyumbani. Damu ikikoma anajiona amepona, anataka basi la kurudi Newala. Hapo mashine haisaidii kitu. Muuguzi ndiye hukaa naye, akamweleza kwamba damu hukoma kabla saratani haijafa. Humkataza kusugua zile alama, humpigia mume simu, humhakikishia kuwa saratani ya mkewe haiambukizi kwa kula pamoja wala kulala chumba kimoja.

Stashahada ya uuguzi huanzia kidato cha nne, na chuo kipo hapa Ndanda. Sikubali kabisa kwamba ni kazi ya walioshindwa hesabu. Mzazi, omba ruhusa kijana aone wodi siku moja kabla ya kujaza fomu. Akishindwa kuvumilia harufu ya kidonda cha saratani, mwacheni aendelee na fizikia yake.