Brugge ao Gent? Siku moja, muji moja



Kila darasa lilitoa mchango wa safari, kwa hiyo kila darasa lina haki ya kusema. Lakini tangu ile barua ya wakristo rafiki zetu wa Ubelgiji ifike, kwa refektwari hatulale na kelele: huyu "Brugge!", yule "Gent!". Nimeuliza wengi juu ya nini wanachagua vile. Mdogo moja wa darasa la saba alinijibu kwamba anataka Brugge sababu jina lake linafanana na jina la mchezaji wa mpira. Basi komite ya gazeti ikaniomba mimi kapita niandike kitu kabla ya kupiga kura, ili tupige kura tukijua.

Mambo yenyewe ni haya. Wenzetu wane na mwalimu moja watakwenda mwezi wa saba, siku kumi, na watalala kwa watu karibu na Bruxelles. Siku tisa ziko na programu: kuimba, kutembelea masomo, kanisa. Siku moja iko wazi. Wakaribishaji wanauliza: siku ile tuwapeleke wapi, Brugge ao Gent? Wanaomba jibu mbele ya mwisho wa mwezi, ili wapange treni na chakula.

Mimi siendi. Finalisti wote tutakuwa tunaangaliana na Egzamen ya Leta. Hii inanipa faida moja, ya kusema bila kujitafutia kitu. Lakini franga zangu ziko ndani vilevile, na zilikuwa franga za kaye.

Niliyoandika hapa yametoka kwa vitabu vya biblioteke na kwa mwalimu wetu wa historia, aliyesoma Gent miaka miwili. Nilimuuliza yeye angechagua wapi. Alicheka tu, akaendelea kusahihisha enterogasyo zetu.

Kwanza mujue kwamba miji hii miwili iko upande moja wa inchi, Flandre, kwenye watu wanasema Kiflama. Iko hata kwa njia moja ya treni. Ukitoka Bruxelles unafika Gent kwa nusu saa hivi, na ukiendelea unafika Brugge kwa karibu saa moja. Ndiyo maana wengine wanasema: basi tuone yote mbili! Nimehesabu. Kutoka nyumbani asubuhi, kungojea treni, kutembea kutoka gare mpaka katikati ya muji, kula, kurudi mbele ya usiku: ukigawanya siku ile mara mbili, kila muji unabakia na saa tatu tu, na moja katika hizo utaimaliza kwa kutafuta choo. Mimi nasema muji moja.

Brugge ndiyo ile ya kalendari. Ukiona picha ya Ubelgiji yenye mifereji ya maji, madaraja ya mawe, nyumba za matofali zenye paa kama ngazi, na bata wakubwa weupe juu ya maji, ni Brugge. Mnara wa sokoni unafika mita 83, na unapanda kwa miguu, ngazi 366. Kanisa la Bibi Yetu lina mnara wa matofali wa mita 115, na ndani yake kuko sanamu ya Maria na mtoto iliyochongwa na Michelangelo mwenyewe, karibu mwaka 1504. Katikati ya muji yote iliandikwa na UNESCO mwaka 2000 kati ya mali ya dunia. Kwa uzuri, hakuna wa kubishana.

Lakini ule uzuri ulitoka wapi? Hapa ndipo nilipoanza kupenda hii kazi. Mwaka 1134 tufani ya bahari ilipasua inchi kavu ikafungua mlango wa maji, jina Zwin. Kwa njia ile mashua zikafika karibu na Brugge. Sufu ikatoka Uingereza, mali ikatoka Genova na Venezia, wafanyabiashara wa Kidachi wakaja na manyoya na nta. Kulikuwa jamaa moja ya wenye nyumba ya wageni, Van der Beurze, na wafanyabiashara walikuwa wanakutana mbele ya nyumba yao. Wengi wanasema lile neno "Bourse", soko la fedha, lilitoka kwa jina lao.

Kisha mchanga ukaanza kujaa ndani ya Zwin. Sisi watu wa Kalemie tumeona ziwa kupanda na kula nyumba za watu. Kwa Brugge ilikuwa kinyume, maji yalikimbia. Tena watu wa muji walimfunga Maximilian, mtawala wao, mwaka 1488, naye hakusahau. Biashara ikahamia Anvers. Katika miaka ya 1800 Brugge ilikuwa muji wa maskini kabisa. Na mutu maskini habomoe nyumba ya babu yake ili ajenge mupya, hana cha kujengea. Ndiyo sababu nyumba zilibakia! Mwaka 1892 Georges Rodenbach akaandika kitabu kwa Kifaransa, "Bruges-la-Morte", maana yake Brugge iliyokufa, na wageni wakaanza kuja kuangalia huo muji uliolala. Kumbe Rodenbach alikomea Gent. Bandari mupya, Zeebrugge, ilifunguliwa mwaka 1907. Leo meli kubwa za watalii zinashukia pale, na mwezi wa saba mbele ya ule mnara watu wanabanana kama kwetu siku treni inaingia.

Gent haikulala. Ni muji mukubwa kushinda Brugge mara mbili na kupita, na ni wa kazi. Uko pale mito miwili inakutana, Lys na Escaut, na mashua za ngano zilikuwa lazima kusimama pale na kuacha sehemu. Nyumba za wale wa ngano zingali kwa ukingo wa mto, kwa Graslei. Mu 1800 hivi, Lieven Bauwens alipitisha kwa siri kutoka Uingereza vipande vya mashini ya kusokota pamba, na Gent ikajaa mafabrike na moshi. Kuko université tangu 1817. Kwa hiyo ukitembea Gent unaona ngome ya mawe ya mwaka 1180, kisha tramu, kisha vijana wenye mabuku kwa kinga, kisha ukuta wa fabrike ya zamani. Si safi kama kalendari.

Na watu wake wana kichwa kigumu. Mfalme mukubwa Charles Quint alizaliwa pale mwaka 1500. Wakati alitaka kodi ya vita, watu wa muji wake mwenyewe walikataa. Mwaka 1540 akaja na askari, akaamuru wakubwa wa muji watembee miguu mitupu, wamevaa shati nyeupe, na wengine kamba kwa shingo. Mngefikiri watu wangeficha haya ile. Hapana! Mpaka leo watu wa Gent wanajiita "wavaa-kamba", na kila mwaka, kwa sikukuu yao ya mwezi wa saba, wanatembea na kamba kwa shingo kwa ukumbusho. Wenzetu wakibahatika wataona.

Sasa ile picha. Ndani ya kanisa la Saint-Bavon kuko picha ya Mwana-kondoo, mbao 12, kazi ya ndugu wawili Hubert na Jan van Eyck, iliyomalizika mwaka 1432. Mwana-kondoo anasimama juu ya altare, na watu wa kila namna wanamujia kutoka pande zote, kama vile tunasoma kwa Ufunuo. Walipoisafisha, katika miaka ya 2010, chini ya rangi ya mafundi waliokuja nyuma walikuta sura ya kwanza ya kondoo: macho yake yanakutazama wewe moja kwa moja, karibu kama macho ya mutu.

Lazima niseme na hili, hata kama si la kutupendeza sisi Waprotestanti. Mwezi wa nane 1566, watu wa upande wetu waliingia ndani ya makanisa ya Gent na kuvunja sanamu. Ile picha ilipona sababu walinzi waliipandisha mbao kwa mbao ndani ya mnara, kwa ngazi nyembamba, na kufunga mlango. Kutoka 1577 mpaka 1584 muji ulitawaliwa na Wakalvini. Nilifikiri nitakuta habari ya ushujaa, nikakuta pia nyundo.

Tangu pale picha haikupumzika. Wafaransa walichukua sehemu mwaka 1794. Mbao za pembeni ziliuzwa, zikakaa Berlin mpaka nyuma ya vita ya kwanza. Usiku wa tarehe 10 kwenda 11 mwezi wa ine 1934, mutu aliiba ubao wa Waamuzi wa Haki. Haujaonekana mpaka leo. Kinachoonekana pale ni kopi. Kisha Wadachi walibeba picha yote wakati wa vita ya pili, na mwaka 1945 ikakutwa ndani ya shimo la chumvi kule Altaussee, Autriche. Na sanamu ya Maria ya Brugge, nayo iliibiwa, ilikutwa mu shimo lile lile! Miji yote miwili ilililia mali yake katika giza moja.

Na Kongo? Wengi mmeniuliza. Kutoka gare ya Gent-Saint-Pierre unatembea kidogo tu unafika kwa bustani ya Citadelle. Pale kuko mnara wa ukumbusho wa ndugu wawili Van de Velde, maofisa waliokufia kazi ya Leopold II kwetu, na umesimama tangu 1888. Juu yake imechongwa sura ya kijana Mukongo, jina Sakala, ambaye Lieven Van de Velde alimupeleka Gent katika miaka ya 1880. Wale ndugu wawili wana jina la jamaa, wana tarehe. Sakala ni Sakala tu. Katika bustani ingine ya muji, ile ya Mfalme Albert (yule ambaye muji wetu uliitwa zamani Albertville kwa jina lake), kulikuwa kichwa cha shaba cha Leopold II. Muji uliondoa kile kichwa tarehe 30 mwezi wa sita 2020, siku Kongo ilitimiza miaka 60 ya uhuru.

Nisiwe na upendeleo: upande wa Brugge nako kuko kitu. Karibu nayo, kwa bahari, Blankenberge, kuko mnara wa Lippens na De Bruyne, askari wawili waliouawa Kasongo mwaka 1892, wakati wa vita na Waarabu. Kasongo si mbali na sisi. Lakini ni kupanda treni tena, na siku ni moja.

Dada moja wa humanité ya tatu, mmoja wa wale wane wanaokwenda, alisoma karatasi hii mbele ya kupiga stansili. Aliniambia: "Kapita, mateso tunayaona hapa kila siku. Siku moja ya maisha yangu nataka kuona kitu kizuri tu, juu ya maji, na kukaa kimya. Wewe unanituma kwenda kulia mbele ya Sakala?" Sikupata jibu haraka. Ana haki. Mutu anayechagua Brugge hachague upumbavu. Nilimwambia tu kwamba mimi, kama ningekwenda, ningetaka mutu wa Kongo asimame dakika tano mbele ya yule kijana na kumwita kwa jina, kwa Kiswahili ao kwa luga ya kwao. Na nyuma ya pale ningekwenda kuona macho ya yule kondoo. Kwa hiyo kura yangu ni Gent. Yeye amebakia na Brugge, na tungali tunasalimiana.

Kura ni siku ya ine nyuma ya masomo. Kila moja aandike B ao G kwa kipande cha karatasi, bila jina, akitie ndani ya sanduku mbele ya biro ya Baba Prefe. Darasa la saba, musipige kura mara mbili kama mlivyofanya kwa kapita wa michezo. Kapita wa kila darasa watahesabu pamoja na mimi, na jibu litakwenda Ubelgiji siku ya tano. Viza zenyewe hazijafika bado.