Safari ya mfuko mwembamba: Nilichokiona chini ya maji ya Magara

WATU wengi wakisikia habari za kuvaa miwani, kushika mrija mdomoni na kutazama samaki wa rangi chini ya maji, mawazo yao hukimbilia Zanzibar, Mafia au Malindi. Tena hudhani kwamba starehe hiyo ni ya watalii wenye dola mfukoni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na msomaji anaujua mfuko wa mwalimu. Hata hivyo nimeifanya safari hiyo, na sikuvuka mpaka wala sikufika baharini.

Nilikwenda Magara, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Hakuna matumbawe pale, kwa kuwa matumbawe ni ya maji ya chumvi. Kuna miamba. Milima inateremka moja kwa moja mpaka ziwani, na mawe makubwa yanaendelea kushuka chini ya maji kama ngazi za jumba lililozama. Humo ndimo wanamoishi samaki ambao wazungu huwafuga sebuleni kwao ndani ya vioo.

Njiani

Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kiasi cha kilomita 75, na barabara karibu yote inaandamana na ziwa. Mwenye gari lake atafurahi, lakini Hiace au Probox ya kuchangia inatosha. Jambo moja tu: miaka hii ya karibuni mafuta ya gari yamekuwa adimu nchini, kwa hiyo ondoka alfajiri, uliza nauli kabla ya kuketi, na usiahidi mtu saa ya kufika.

Kituo cha kwanza ni Mugere, kilomita chache tu baada ya kutoka mjini. Pana jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wapo wanaoamini kuwa hapo ndipo wazungu hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania, na hapa Mugere walipita baadaye walipokuwa wakilichunguza ziwa pamoja. Watoto wa pale watajitolea kukupiga picha. Wape chochote.

Ukishapita Kabezi, milima inaanza kuisogelea barabara. Mashamba ya mihogo na migomba yananing'inia juu ya kichwa chako, na upande wa kulia maji yanang'aa. Ukiona mawe yameanza kuchomoza ziwani kama migongo ya viboko, umekaribia Magara.

Mawe yenye wenyewe

Sikuchagua Magara kwa kubahatisha. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa pale. Machafuko ya mwaka 1972 yalimkuta kijana, akavuka kwa mtumbwi kwenda Tanzania. Mimi nilizaliwa na kusomea Mishamo, makazi ya wakimbizi yaliyo katikati ya miombo, mbali na ziwa. Huko baba alikuwa akituambia jioni, "Magara kuna mawe yenye wenyewe." Tulidhani anasema habari za mizimu. Alifariki bila kuyaona tena.

Tulirudi mwaka 2008. Kama ilivyowatokea wengi wa mwambao huu, tulikuta familia nyingine katika ardhi ya baba, nayo imekaa pale miaka mingi na kuzaa watoto. Wazee walituketisha, tukagawana. Wao walibaki sehemu ya chini yenye michikichi, sisi tukachukua mteremko. Sikuridhika, lakini nilikuwa na watoto wa kulisha. Nilikata miti na vichaka, nikalima matuta kutoka juu kwenda chini, nikapanda mihogo.

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kutia kichwa majini. Mtu aliyekulia Mishamo atajifunzia wapi kuogelea? Aliyenifundisha ni kijana wa familia ile tuliyogawana nayo. Miwani na mrija niliipata sokoni, mtumba. Kijana akanifunga dumu tupu kifuani kwa kamba, akaniambia, "Mwalimu, usipigane na maji. Lala tu." Nikalala.

Ukoo chini ya maji

Msomaji, sikujua kwamba ziwa lina mchana wake. Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia na mwanga ulishuka hadi kwenye mawe ya chini. Mbele ya kila ufa walisimama samaki wadogo wa rangi ya kahawia iliyopauka. Mapezi yao yana ukingo mweupe unaoelekea samawati, na mkia una ncha mbili ndefu kama nyuzi. Walikuwa makumi kwa makumi.

Wataalamu humwita *Neolamprologus brichardi*. Jina hilo ni heshima kwa Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Katika maduka ya Ulaya na Marekani huuzwa kwa jina la "Binti Mfalme wa Burundi". Hapa kwetu hatumtii hata sufuriani, maana ni mdogo mno.

Sifa yake kubwa ni malezi. Samaki wengi wakikua huondoka, lakini watoto wa huyu hubaki nyumbani na kuwasaidia wazazi kulea wadogo zao. Mwaka 1981 watafiti Michael Taborsky na Dominique Limberger walichapisha habari za wasaidizi hawa. Hulisafisha yai, humfukuza adui, na huchota mchanga kwa mdomo na kuutema nje ili nyumba isizibe.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu. Samaki asiyezidi kidole aliingia ufani, akatoka na shavu limevimba, akatema mchanga, akarudi. Akafanya hivyo tena na tena.

Juu ya mawe kulikuwa na wengine wenye vichwa butu, wanaokwangua mwani. Hao huitwa *Tropheus*. Jike hulelea mayai kinywani mwake. Tena hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu, ndiyo maana wa miamba hii ana rangi yake na wa miamba ya mbele ana rangi nyingine. Ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470, lina samaki wengi wa jinsi hiyo wasiopatikana popote pengine duniani. Kwao mwamba ndio nchi, na hakuna uhamisho.

Udongo wangu

Kisha kijana akanivuta mkono tukaogelea kidogo kuelekea kusini. Mawe yalikuwa yale yale, lakini yamevaa utando wa udongo mwekundu. Nyufa nyingi zimeziba, mwani hauonekani, na samaki wamebaki wa kuhesabika. Nikainua kichwa nione tuko wapi. Juu yetu, wima kabisa, lilikuwa shamba langu la mihogo.

Kijana hakusema neno. Nadhani alinileta pale kwa makusudi, na adabu ndiyo iliyomfunga mdomo asimwambie mwalimu.

Si mimi peke yangu. Watafiti wamesema tangu miaka ya 1990 kwamba udongo unaomomonyoka katika milima iliyokatwa miti ni tishio kubwa kwa samaki wa mawe wa kaskazini mwa ziwa hili. Watu tumeongezeka, wakimbizi tumerudi, ardhi ni ile ile. Mwenye njaa hulima hata ukingoni. Mwaka 2021 na 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuwatoa watu wa mwambao majumbani mwao, ndipo wengi walipokumbuka kwamba sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 ziachwe wazi kando ya Tanganyika.

Lakini ningemlaumu nani kwa jiwe lile? Nilikuwa nikinung'unika kwamba nyumba ya baba yangu imekaliwa na wengine, kumbe mimi nilikuwa nazizika nyumba za wenyewe aliowataja.

Msimu huo nilichimba mitaro ya kukinga maji kwa kukata mteremko, nikapanda urubingo, yaani matete ya ng'ombe, kwenye kingo zake. Mihogo ilipungua kidogo. Ng'ombe wa jirani alipata majani, nami nikapata maziwa na samadi. Mawe hayajarudi kuwa meupe, ila mvua za mwisho maji yaliyotoka shambani kwangu hayakuwa mekundu kama zamani.

Ukitaka kwenda

Nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti, maji yanapokuwa maangavu. Ingia asubuhi, kwani mchana upepo wa kusini huamsha mawimbi na mawe hayana huruma. Usiingie peke yako. Waulize wavuvi kwanza, maana wanajua wapi pana mamba na viboko, ambao hupenda zaidi midomo ya mito na matete. Nyufani yumo pia fira wa majini. Hula samaki, hana haja nawe, lakini ana sumu, basi usitie mkono ndani ya shimo. Ukirudi nyumbani, pima kichocho.

Baada ya hapo endelea na safari. Minago kuna mukeke wa kuchoma. Rumonge ni mji wa mawese, na karibu yake ziko chemchemi za maji moto za Mugara, usichanganye na Magara. Ukielekea Nyanza-Lac utapita msitu wa Kigwena, ambao unakuonyesha jinsi mwambao huu ulivyokuwa kabla ya majembe yetu.

Mpe kijana atakayekuongoza ujira wake vizuri. Mtoto akijua kwamba mwamba mzima unamlipa kuliko ufa uliozibwa, ataulinda kuliko askari. Yule wa kwetu sasa ana miwani yake mwenyewe. Nilimwachia ile ya mtumba, nikatafuta nyingine, maana Jumapili huwa tunakwenda wote kutazama kama nyufa za chini ya shamba langu zimeanza kupata wenyewe. Mara ya mwisho tulihesabu wawili, na mmoja alikuwa anatoa mchanga.